Sahihi ya Injinia Mageto

Chelimo hakuwahi kutamani uongozi. Alijiunga na tawi la chama cha wahandisi pale Bomet kwa sababu Injinia Mageto, mwenyekiti, ndiye aliyemfundisha kazi. Alipokosekana mtu wa kuandika kumbukumbu za mikutano, yeye akashika kalamu. Miaka minne ikapita hivyo, bila malipo.

Mvua za Aprili zilipozidi, wanachama waliamua kujitolea kukagua madaraja ya waendao kwa miguu. Chelimo akapewa moja karibu na Silibwet, ambalo wakulima walikuwa wamelijengesha wenyewe kwa fundi ili wafikishe majani chai kituo cha kununulia bila kuzunguka kilima. Alishuka mtoni amevaa gambuti, akatazama juu. Katikati ya zege palikuwa na ufa wa kuingia kidole, na pale lilipobanduka nondo za chuma zilikuwa nje. Akazipima. Kati ya moja na nyingine zilikuwa sentimita thelathini. Zilipaswa kuwa kumi na tano.

Hapo akasikia nyayo juu ya kichwa chake. Wanawake watatu walikuwa wakivuka na vikapu vya majani mgongoni. Alitaka kuwaambia wasimame, lakini walikuwa tayari juu ya ufa. Walipofika ng'ambo ndipo akapanda mbio na kuziba njia kwa magogo ya mkaratusi.

Watu walikusanyika, na kila mmoja alisema fundi amekula nondo. Chelimo naye aliamini hivyo, mpaka alipofika kwa Janeffer, katibu wa kamati ya wakulima, aliyeitunza ramani ya daraja katika kabati la vyombo. Aliikunjua mezani. Ramani yenyewe ilisema thelathini. Fundi alikuwa ameifuata sawasawa. Na chini yake, kwa wino wa buluu, ilikuwa sahihi ya Injinia Mageto.

Janeffer alimuuliza kama anaumwa. Chelimo aliikunja ramani, akatoa simu.

Mageto alipopigiwa simu alikuja moja kwa moja darajani kutoka Chepilat. Alizitazama nondo, akaitazama ramani, akakaa kwenye nyasi zilizolowa bila kujali suruali yake.

"Nilitia sahihi bila kukagua," akasema. "Mchoraji alikosea, na mimi nilikuwa na haraka ya kwenda mazishi."

Ndiye aliyemfundisha Chelimo kukagua kila kitu mara mbili.

Jumamosi iliyofuata Mageto alisimama mbele ya tawi akasema yote, bila kumtaja mchoraji. Kisha akavua beji ya mwenyekiti, akaiweka mezani, akapendekeza Chelimo aikamilishe miezi iliyobaki ya uongozi wake. Chelimo alikataa. Alisema yeye ni mwandishi tu, tena ndiye aliyemfikisha mzee wake hapo. Ombui, mwanachama mkubwa kuliko wote kwa umri, alimjibu kwamba hiyo ndiyo sababu hasa. Mikono ikainuka, wa Mageto ukiwa wa kwanza.

Chelimo akakaa kwenye kiti cha mwenyekiti. Jambo lake la kwanza lilikuwa barua kwa bodi inayosajili wahandisi, na aliyepaswa kushtakiwa alikuwa humo humo chumbani.

"Andika jina langu lote," Mageto akamwambia. "Halafu chukua na hii."

Ilikuwa orodha aliyoiandika kwa mkono. Madaraja kumi na moja mengine, yote ya mwaka lilipojengwa lile la Silibwet, yote yenye sahihi yake. Hakukumbuka ni yapi aliyoyakagua.

Chelimo aliisoma mara ya kwanza asielewe. Ya pili akaona: la nne lilikuwa kwenye njia ambayo mama yake hupita kila asubuhi. Alipiga simu nyumbani mbele ya wote, akamwambia mama asivuke, na awazuie majirani. Kisha akainuka na kuanza kugawa madaraja kwa kutaja majina, watu wawili wawili kwa kila daraja. Kufikia saa sita mchana hakukuwa na mtu aliyebaki kitini. Mageto aliuliza aende na nani.

"Twende na mimi, mzee," Chelimo akasema, "lakini kipimo nitashika mimi."