Injini ya Moto Mtoni

Dereva Turubai alikipanda kilima cha mwisho kabla ya mto kwa gia nzito, mguu ukikandamiza mafuta. Nyuma alikuwa amebeba vitanda vya chuma vya zahanati, magodoro yake, na sanduku la barafu lenye chanjo. Walipoanza kuteremkia mtoni, joto la injini lilikuwa limepenya sakafu mpaka analisikia kwenye soli za viatu. Muuguzi aliyeketi kando yake alishusha kioo, akasema kumbe siku hizi na magari yanapika.

Jina hilo la Turubai alipewa na madereva wenzake. Hakuwahi kuvuka maji kabla ya kufunga kipande cha turubai mbele ya gari, ili maji yasiivamie feni na kuipinda. Walimcheka kwamba analivalisha gari aproni. Wacheke tu, magari yao yalikuwa hayatoki gereji.

Alisimama ukingoni, akashuka kufunga turubai lake. Injini aliiacha ikiunguruma polepole, kama alivyozoea. Ile turbo, konokono la chuma linaloisukumia injini hewa, ilikuwa imeiva kwa moto, na chuma cha namna hiyo ukikitosa ghafla kwenye maji baridi kinapasuka kama chungu kilichotoka jikoni. Kuizima injini papo hapo nako ni kosa: mafuta ya kulainishia yanasimama ndani ya turbo na kuungulia humo humo. Dawa ni kuiacha iungurume mpaka joto lipungue. Ni jambo la muda mfupi tu, mtu hata soda hamalizi.

Lakini ofisi ilikuwa imefunga kifaa chini ya dashibodi. Gari likisimama zaidi ya dakika tatu huku injini inaunguruma, kifaa kinapeleka habari makao makuu, na huko jambo hilo lilikwisha kupewa jina: kuunguruma bure, yaani kupoteza mafuta. Turubai alikuwa na maonyo mawili, yote ya mto huu huu. Onyo la tatu lingemaanisha mkataba wake hauongezwi. Alikuwa amekalia kuti kavu na nyumbani walijua. Asubuhi hiyo mkewe alimpa shati lililopigwa pasi, akamwambia, "Baba watoto, leo usijifanye mjuaji. Gari si la baba yako."

Kifaa kikaanza kulia kuonya kwamba muda unakwisha, taa yake nyekundu ikiwaka na kuzima.

Muuguzi alifungua sanduku kidogo akachungulia. Barafu ilikuwa inayeyuka, alisema, na akina mama walikuwa wanawasubiri zahanati na watoto mgongoni tangu kulipokucha. Kisha akakitazama kifaa.

"Fanya unavyojua wewe, kaka. Wakiuliza, nitasema nilikuagiza mimi."

"Kifaa hakiulizi, sista."

Angeweza kuizima injini na kungoja ipoe yenyewe, lakini chanjo ingeharibika kabla chuma hicho hakijapoa. Angeweza pia kuiacha iungurume, apate onyo lake la tatu, aende nyumbani. Turubai aliogopa. Maji hayakumtisha, alikuwa ameyavuka mara nyingi kuliko alivyovuka barabara ya lami. Kilichomtisha ni mlango wa nyumba yake siku atakayoufungua akiwa hana kazi. Alirudi kwenye usukani, akatia gia, akaingia mtoni.

Mengine yote aliyafanya sawasawa. Hakubadilisha gia, hakuongeza mwendo, hakusita. Lile turubai likayasukuma maji mbele, na wimbi likatangulia kwa utulivu. Walipofika katikati, maji yakiwa usawa wa milango, ilisikika sauti moja fupi, kavu, kutoka chini ya boneti. Muuguzi aliuliza kama ni jiwe. Turubai alisema ni jiwe, sikio likiwa kwenye injini.

Ng'ambo gari lilipiga mluzi, likatoa moshi mweusi, na kilima kikalishinda. Akalizima, akafungua boneti. Ufa ulikuwa umepita kwenye ganda la turbo, wazi kabisa, hata asiye fundi angeuona.

Alimpigia mkuu wa usafirishaji akamweleza yote. Mkuu alisikiliza, akabofyabofya kompyuta yake.

"Hukusimama kuunguruma pale mtoni?"

"Nilifunga turubai tu, mkuu, nikaondoka. Niliogopa onyo."

"Naona. Hata dakika tatu hazikutimia. Hapo uko vizuri." Akabofya tena. "Ila kitabu cha gari kinasema injini ikiwa ya moto isiingizwe majini. Dereva anatakiwa aiache iungurume mpaka ipoe. Ulichofanya ni uzembe. Itabidi niuandike, na hilo ni onyo lako la tatu."

"Niiache iungurume vipi, mkuu, na ninyi mmekataza?"

"Waliokataza ni watu wa mafuta. Mimi nashughulika na magari." Sauti yake haikuwa na ubaya wowote. "Kaa hapo hapo, usiliache gari mpaka fundi afike. Labda kesho."

Simu ikakatwa. Tusi lilimfika Turubai mdomoni, akalimeza. Kumbe kazi ilikuwa imepotea tangu aliposimama ukingoni, na turbo nzima ameivunja bure, kwa mkono wake mwenyewe, huku akijua. Hilo la kujua ndilo lililomuuma kuliko yote.

Muuguzi alikuwa amekwisha kulishusha sanduku na kulitundika begani, mwili ukimwinamia upande mmoja. Turubai alilipokea.

"Si umeambiwa usiliache gari?" muuguzi akauliza.

"Waandike na hilo."

Akajitwika sanduku, wakaanza kukipanda kilima kwa miguu kuelekea zahanati, maji ya barafu yakimchuruzika shingoni na kuingia ndani ya shati.