Uso Chini ya Supu

"Mabibi na mabwana, wazazi wapendwa, majirani watukufu! Leo, ndani ya ukumbi huu, sanaa na huruma zinafunga ndoa!"

Hivyo ndivyo Mkuu wa shule alivyotangaza, mkono mmoja kifuani, na papo hapo maikrofoni ikatoa mkoromo mrefu kama wa babu aliyeshiba. Ndoa ikafungwa bila hotuba.

Mpango wenyewe ulikuwa mwema. Wanafunzi wa sanaa walifinyanga mabakuli, wakayapaka rangi na kuyachoma. Mgeni alitoa mchango mlangoni, akaonyesha kwa kidole bakuli alitakalo, akajaziwa supu ya mboga, kisha akaondoka na bakuli lake. Michango ilikuwa ya watoto wa chekechea ya mtaani, ambao jiko lao lilikuwa limezimika kwa kukosa cha kupika.

Nyuki, aliyepewa jina hilo bwenini kwa tabia yake ya kuuma na kukimbia, alifinyanga la kwake kwa bidii iliyomtia shaka hata mwalimu wa sanaa. Mwalimu alikuwa na haki. Ndani kabisa, kwenye kitako, binti huyo alichora uso wa Mkuu: masikio kama milango ya kabati iliyoachwa wazi, mdomo ukihutubia. Juu yake akapaka rangi ya kung'arisha ili supu isiufute, na akalitia na kulitoa tanurini mwenyewe. Alimkusudia rafiki yake Kobe, anywe hadi chini, akutane na kiongozi wake, apaliwe kwa kicheko. Kwa nje lilifanana na mengine mengi, hivyo ili lisimpotee, alitia doa la buluu chini ya kitako.

Hakujua kwamba mwalimu wa sanaa, kwa kuzionea huruma meza mpya, alikuwa ameyafudikiza mabakuli yote na kuyasugua vitako kwa msasa. Doa lilikwenda na vumbi; Nyuki alipolitafuta mezani, hakuliona. Na sharti la kila mwaka lilikuwa palepale: mabakuli hukaa yamefudikizwa, mgeni achague kwa kutazama nje tu. Mama Mpishi aliligeuza kila bakuli na kulijaza bila kulitazama, macho yote kwenye foleni, asije mtu akapita mara mbili.

Mkuu alikwisha mwambia Nyuki kwamba utani mmoja zaidi, atarudi kwa baba yake na sanduku lake. Kwa hiyo kila aliyeshika kijiko sasa alikuwa mshukiwa. Yule jirani seremala, mbona anatabasamu? Ameona sikio?

"Shikamoo, mjomba. Supu inakwendaje?"

"Marahaba. Inakwenda chini," seremala akajibu, akilivuta bakuli kifuani. "Na wewe unachungulia nini?"

"Nafurahi tu unavyokula."

"Nimekuwa sinema?"

Kobe akamvuta mkono. "Kaa chini, unawatia watu wasiwasi."

"Nikikaa, kesho nalala nyumbani."

Alizunguka meza hadi meza, shingo ndefu, akitazama supu za watu kama askari wa forodha. Minong'ono ikamfuata nyuma. Mama mmoja fundi cherehani akaacha kula.

"Binti, umenikodolea tangu kijiko cha kwanza. Sema, supu hii ina nini?"

Ulimi wa Nyuki ukatangulia akili. "Natafuta kifungo tu, shangazi. Cha shati langu."

Vijiko vikashuka ukumbi mzima.

"Kifungo? Humu?"

"Mimi nimemeza kitu kigumu!" mzee mmoja akalalamika.

"Karoti hiyo," mkewe akasema.

"Una hakika gani?"

Wengine walikuwa wamekwisha simama, wakielekea mlangoni kudai michango yao. Mwalimu wa chekechea alilikumbatia sanduku la michango, tabasamu likimnyauka usoni. Mama Mpishi akatoka na upawa mkononi.

"Nani anasema kifungo? Mboga hizi nimeziosha kwa mikono yangu!" Hakuna aliyekula. Akaanza kufungua aproni, na vidole vyake vikashindwa fundo. "Basi. Sijapata kuaibishwa hivi."

Huyu ndiye aliyemfunikia Nyuki sahani kila alipocheleweshwa na adhabu. Nyuki akamsogelea.

"Hakuna kifungo," akasema, lakini kwa sauti ya mbu.

"Ni kweli," Mkuu akasema kutoka meza ya mbele. "Shati lako lina vifungo vyote."

Ukumbi ukaligeukia shati. Vilikuwepo vyote, hadi cha kola. Mkuu akaondoa kitambaa alichokuwa amelifunikia bakuli lake, akaliinamisha ili watu waone. Mtu akacheka, akajiziba mdomo.

"Nilimaliza supu mapema," Mkuu akasema. "Nikafunika, nikangoja nione nani atakuja kuchungulia. Sikutegemea angechungulia ukumbi mzima. Haya, panda kwenye benchi. Wageni wana njaa, na Mama Mpishi anangoja."

Nyuki akapanda. Safari hii sauti ilifika hadi mlangoni.

"Uso huo nimechora mimi. Nilikuwa nautafuta kwenye supu zenu kabla haujaonekana. Kifungo ni uongo wangu. Supu ni safi, Mama Mpishi hana kosa lolote, na mimi nimemwaibisha bure. Nisamehe, Mama." Akageukia meza ya mbele. "Na Mkuu, masikio… masikio nilichora kama ninavyoyaona."