Nusu ya Pedi

Pedi ya kuchezea gemu ilikuwa moja na mikono ya kuitaka ilikuwa minne. Baba alikuwa amelinunua lile gemu la maharamia kwa mtu aliyekuwa anahama nyumba, na huyo mtu, kama wahamaji wote, alishapoteza nusu ya kila kitu. Basi baba na binti yake wakaigawana pedi kama watu wanaogawana muwa. Baba alishika upande wa kushoto, wa kuendesha meli. Binti alishika upande wa kulia, wa kufyatua mizinga na kuchomoa upanga. Walikaa bega kwa bega kwenye kochi lililobonyea katikati, na mmoja akikohoa, meli nzima iliyumba.

Binti walimwita Kasuku, kwa sababu ya domo. Alikuwa amemaliza sekondari na alisubiri kazi mpaka kusubiri kwenyewe kukawa kazi. Baba alikuwa dereva wa basi la shule, mtu wa shati lililonyooshwa na maneno machache. Ila kwenye gemu walikuwa na sheria yao: humo ndani hapakuwa na baba wala mwana, palikuwa na nahodha na mpiga mizinga, na mpiga mizinga aliruhusiwa kumtania nahodha mpaka koo limkauke. Maharamia hawana adabu, alisema baba mwenyewe siku walipoanza.

Kwa hiyo Kasuku alitania na kuelekeza kwa pumzi ileile. Kushoto kuna mwamba, nahodha. Kushoto tena, au huo mwamba umeshautolea posa? Jirani kushoto kaja na mizinga, mkaribishe. Baba alikata usukani, akacheka puani, na walikuwa wamefika mbali sana.

Jumapili hiyo jino lilimfanyia Kasuku fitina. Shavu lilivimba kama ameficha limau, na kila neno lilimtoka kwa maumivu. Mama alikuwa amekwenda kumwona dada yake. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, na nje ya dirisha basi la njano lilisimama likilowa. Kasuku akashika nusu yake ya pedi, akaonyesha shavu, akaonyesha mdomo, akatikisa kichwa. Baba akasema haya, leo bahari itapumzika.

Wakaingia kwenye mkondo mwembamba kati ya visiwa. Meli ya tanga jekundu ikatokea kushoto. Haikujificha wala haikuvizia, ilikuja polepole, kubwa kama kabati. Kasuku akangoja baba akate kona. Baba alikuwa anapiga mluzi. Wakapigwa ubavuni, wakazama, na baba akauliza huyu naye katokea wapi.

Kasuku alidhani anataniwa, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Wakaanza upya. Safari hii ulikuwa mwamba, wa kushoto vilevile, na baba akaulaumu mtambo kwamba umezeeka. Walipoanza tena, Kasuku hakuangalia runinga. Alimwangalia baba. Macho yake yalikuwa yametulia mbele, na kichwa amekiinamisha kidogo, kama mtu anayengoja jina lake liitwe. Kasuku akapitisha mkono nyuma ya kochi, akautokeza karibu na sikio la kushoto la baba, akachezesha vidole.

Nahodha hakupepesa.

"Baba," akasema.

Halikuwa neno la humo ndani. Mluzi ukakatika.

Akamuuliza tangu lini. Baba akasema tangu mvua zilizopita. Daktari wa macho alimwambia ni presha ya macho, ugonjwa unaokula pembeni kimyakimya, na kilicholiwa hakirudi. Yale matone ya macho aliyosema ni ya vumbi hayakuwa ya vumbi. Lakini mbele aliona vizuri, akasema, na barabara iko mbele. Kushoto kulikuwa na dada wa basi, yule anayekaa mlangoni kuwapokea watoto, naye mdomo wake haulali. Akisema pikipiki, baba anapunguza. Akisema mtoto, anasimama. Maskini, alidhani dereva anapenda tu maongezi.

Kasuku akasahau jino. Gemu nalo lilikuja nyumbani mvua zilizopita. Alikuwa amejiuliza mtu mzima huyu maharamia wamempatia wapi.

"Kumbe nilikuwa nakufundisha," akasema. "Kuendesha kwa masikio."

"Na ulinifundisha vizuri, mwanangu."

Akalisema kwa upole, kama anamsifia mboga. Kisha akamwambia lililobaki: dada wa basi ameondoka kwenda kujifungua, shule inataka mtu, na yeye ameshawaambia ana binti mwenye cheti na mwenye mdomo. Wamekubali. Anaanza kesho.

Kazi aliyoililia ikawa imeketi hapo sebuleni, imevaa sare. Angekaa mlangoni, angesema pikipiki, angesema mtoto, na mchana wangerudi nyumbani pamoja. Nani angejua? Ila siku akipiga chafya je? Siku akigeuka kumfunga mmoja kamba ya kiatu? Kwenye gemu meli ikizama inarudi palepale, na mabaharia wanaanza wimbo upya.

Akamwambia baba wavuke mkondo mara moja, yeye akiwa kimya. Baba akifika ng'ambo, kesho Kasuku atavaa sare.

Baba akakaa wima. Akawa anageuza kichwa huku na huku kama kuku anayevuka uwanja, na kweli, tanga jekundu aliliona, akalikwepa, akatabasamu. Alipokuwa bado ameangalia kushoto, wakapanda mwamba wa kulia. Akasema, "Tena." Wakazama. Akasema, "Tena," na sauti ilikuwa imepungua. Mwisho alijigonga kwenye kisiwa kilichosimama tu, kisicho na ugomvi na mtu, na hakusema tena.

"Nikishuka kwenye usukani ule," akauliza, "ninashuka naenda wapi?"

Kasuku akaiachia nusu yake ya pedi. Baba akatoa simu mfukoni, akamtafutia namba ya mkuu wa usafiri wa shule, akampa.

"Sema wewe. Mimi halitanitoka."

Kasuku akalisema kwa nusu ya mdomo, kwamba baba haoni pembeni na hataendesha tena, neno kwa neno, jino likimvuta mpaka sikioni. Mkuu wa usafiri akatoa pole. Hakuwa mtu mbaya. Akauliza kama dereva anaweza kulileta basi asubuhi na mapema, bila watoto, ili alikabidhi mwenyewe kwa heshima yake. Simu ilikuwa na sauti kubwa, baba akasikia, akajinyoosha shati.

Kasuku akamwangalia. Asubuhi na mapema barabara huwa tupu. Karibu tupu.

"Hapana," akasema. "Tumeni mtu aje kulichukua."

Walikaa wakisikiliza mvua ikigonga bati la basi. Baada ya muda baba akauliza atakuja nani, na Kasuku akasema hawakutaja.

"Huyo atakayekuja," baba akasema, "mwambie gia ya pili ni ngumu. Asiilazimishe. Aibembeleze."

Kasuku akasema atamwambia.