Punguza Maji, Mama Hayat

Mume wangu Rachidi ni mtu wa tumbo, na simsengenyi, mwenyewe anajua. Miaka yote niliyoishi naye hapa mtaani Buyenzi sijawahi kuhitaji mtu wa kuniambia sokoni kumeingia nini. Asubuhi moja ya kiangazi ataamka, atakaa ukingoni mwa kitanda akitafuta kandambili kwa miguu, halafu atatangaza: "Mama Hayat, mi leo roho inataka mandarine." Nikienda sokoni nazikuta chenza hizo, zimeshuka kutoka milimani alfajiri ileile, bado zina majani. Nani alimwambia? Hakuna. Kazi yake ni kuuza vipuri vya magari kule mtaa wa maduka wa Asiatique, kutwa nzima ananusa grisi, lakini pua yake inajua shamba gani limeiva.

Lilikuwa linaniudhi jambo hilo, niseme kweli. Umepanga ndizi, umeshazimenya, mwanaume anakuja kukuambia kwamba leo ni siku ya maharage mabichi. Angekosea hata mara moja ningefurahi, lakini hakosei. Mchele mpya ndiyo usiseme. Kila mwaka, wiki ile watu wa Buterere wanapoanza kuuza mpunga waliotoka kuvuna, huchungulia jikoni kabla sijainjika sufuria. "Muchele mupya huo. Punguza mayi, Mama Hayat." Maana mchele mpya bado una maji yake, ukiupikia kwa kipimo cha mchele wa zamani unapata uji. Kila mwaka namjibu kwamba mimi nilikuwa napika kabla yeye hajazaliwa, ingawa ananizidi umri kwa mbali. Akishatoka, napunguza maji.

Mwaka huu masika yalimletea homa. Alilazwa, akatoka, mashavu yameingia ndani na shati linamning'inia. Daktari akasema damu safi, ini safi, moyo unakwenda vizuri. Apumzike, ale. Haya, ale nini?

"Baba Hayat, nikupikie nini leo?"

"Yote sawa tu."

Nikapika ndizi, akala kidogo, sawa tu. Nikapika sombe ya majani ya muhogo, sawa tu. Siku moja nilisahau chumvi kwenye maharage, kwa makusudi, Mungu anisamehe. Akala. Nikamuuliza ikoje. Sawa tu.

Kuna watu wangeona wamepata mume wa peponi. Mimi niliogopa. Baba yangu mzazi alikuwa mgomvi wa chumvi maisha yake yote, alimrudishia mama sahani mbele ya wageni na mbele ya wakwe. Mwaka wake wa mwisho akaanza kusema kila kitu ni kizuri. Tulidhani amekuwa mpole na uzee, tukafurahi kama wajinga. Kumbe alikuwa anatuaga. Kwa hiyo kila Rachidi alipotamka "sawa tu" nilihisi kama mtu anafunga madirisha ya nyumba yangu, moja baada ya jingine.

Kiangazi kikaingia. Vumbi juu ya majani, upepo mkavu, milima ya Kongo imepotea kwenye ukungu ng'ambo ya ziwa. Wavuvi wakapumzishwa ili samaki wazaliane. Miaka mingine katika kipindi hicho Rachidi hununa kana kwamba ni yeye aliyefungiwa. Hupita barazani akilitukana ziwa, na samaki wake mukeke, na serikali za nchi zote zinazolizunguka. Mwaka huu nilimwekea ndagala, wale dagaa wakavu, akala kichwa chini. Sikumwuliza kitu. Jibu nililijua.

Binti yetu Hayat ameolewa Gihosha, huko juu kwenye hewa nzuri, ambako watu wana nafasi ya kufikiria miili yao. Akaja na simu yake.

"Maman, kuna dame moja mi namufuata hapa. Anasema wakati wa été mutu anakula fruits na légumes za saison, halafu anasikiliza mwili wake. Mwili unajua."

"Été ya wapi? Kiangazi chetu au cha Wazungu?"

"Été tu, Maman. Ya kila mahali."

"Baba yako amekula matunda na mboga za msimu na kuusikiliza mwili wake tangu hujazaliwa, bila simu. Sasa mwili wake umenyamaza. Huyo mama wa simuni anasema nini juu ya mwili ulionyamaza?"

Hayat akaingia jikoni, akasaga mchicha wa lengalenga na nanasi pamoja, kikatoka kitu cha kijani chenye povu. Akampelekea baba yake kwenye glasi ya wageni. Nilisimama mlangoni nikimwomba Mungu mume wangu akiteme. Rachidi wa zamani angekitema hadi barabarani. Alikunywa chote, akafuta mdomo.

"Mwili unasema nini, Papa?"

"Unasema sawa tu, binti yangu."

Hayat akarudi jikoni, akaegemea friji na kuanza kulia. Nikamfokea kwamba ameniharibia nanasi. Nisingemfokea ningelia naye.

Ndipo nikaamua kuita watu. Mtu hula vizuri akiona wenzake wanakula. Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, waje rafiki zake wawili: Massoudi fundi wa magari, na jirani yetu Callixte, mzee wa ofisi aliyestaafu, ambaye msikitini haendi lakini pilau ya Ijumaa hajaikosa hata mara moja. Nitapika pilau kama ya harusi. Ikimshinda hiyo, basi najua tumefika wapi.

Soko la Ruvumera nilikwenda nikiwa na mawazo mengi kuliko vikapu. Nyama nilichagua mwenyewe, mpaka muuzaji akachoka. Iliki nilinusa moja moja. Kwa Benite wa mchele sikukawia, maana ninamjua na yeye ananijua. "Wa Buterere huu, mama, angalia vile unangaa," akasema, nami nikaangalia, ukang'aa kweli, nikamwambia pima. Akili yangu ilikuwa kwenye iliki.

Nikakaanga vitunguu mpaka majirani wakaanza kusalimia bila sababu. Nikaweka nyama, viungo, mchele, nikatia maji kwa kipimo changu cha siku zote, nikafunika na kuweka makaa juu. Nilikuwa najisifu moyoni. Kule sebuleni wanaume wamefika, Massoudi anacheka kwa sauti yake ya gereji, Hayat, aliyekuja kunisaidia, anawanawisha mikono.

Nikafunua sufuria, nikakutana na ubwabwa.

Siyo pilau iliyolainika kidogo, maana hiyo huwa nina njia ya kuificha. Ulikuwa ubwabwa hasa, punje zimeshikana zote, mwiko umesimama peke yake katikati. Nikauchota, nikauminya kati ya vidole, na hapo ndipo nilipoelewa. Mchele mpya. Kila mwaka kichwa kinachungulia mlangoni, na mwaka huu hakikuchungulia. Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi na yale makaa yakiendelea kuwaka bure. Nilimhitaji mwanaume yule, pua yake na kiherehere chake, na alikuwa chumba cha pili tu, na sikujua kama atarudi.

Lakini wageni wameshanawa, ungefanyaje? Nikapakua kwenye sinia, nikapanga nyama juu yake kwa wingi, kama mtu anayefunika shimo kwa majani.

Massoudi alichota wa kwanza. Tonge likamng'ang'ania mkononi, akalilamba. "Shemeji, leo umetuweza," akasema, huku haniangalii.

"Très bon, Mama Hayat," akasema Callixte. "Laini. Kwa meno yangu haya, vraiment, ni dawa."

Waongo wawili, Mungu awabariki. Rachidi akachota. Akatia mdomoni, akatafuna mara moja, akaacha. Akachota tena, safari hii hakula, alilifinya tonge polepole, akalileta puani.

"Mama Hayat."

"Abee."

"Hii ni nini?"

"Pilau."

"Apana. Mi pilau naijua. Huu ni muchele mupya, wa Buterere, hata wiki mbili haujatoka shambani, na we umeuwekea mayi ya muchele wa zamani!" Sauti ikapanda. "Mutu muzima, fundi wa kupika, anaharibu muchele hivi? Unataka tuogelee?"

Massoudi akaangalia dari. Callixte akakumbuka kwamba ana kiu. Siku nyingine mume angeniaibisha hivyo mbele ya wageni, angekula mikate ya dukani mwezi mzima. Lakini mimi nilikuwa nimesimama pale na kata ya maji mkononi, na furaha imenipanda kifuani mpaka inauma. Na kwa kuwa sijui kufurahi kimya kimya, nikafoka.

"Si ungeniambia! Kila mwaka unatia pua jikoni kwangu, siku unayohitajika umekaa sebuleni kama mgeni!"

Akaliangalia tonge lake, halafu akaniangalia mimi, na nikaona kwamba na yeye aliogopa, muda wote ule aliogopa, peke yake.

"Mi sikusikia kitu," akasema taratibu. "Nilikuwa ninaamka, nangoja, roho haisemi. Nilisema labda imekwisha."

Hayat alikuwa ameshika birika, mdomo wazi.

"Ukoko uko wapi?" Rachidi akauliza.

"Uko chini ya sufuria. Utakuwa wapi?"

"Ulete. Muchele mupya ukiharibika, ukoko ndiyo unaokoa nyumba."

Nikauleta, mwekundu, mkavu, unavunjika kama biskuti. Akala, akamgawia Massoudi kipande kidogo, akamnyima Callixte kwa sababu ya meno yake. Alipomaliza akajifuta vidole kimoja kimoja na kuangaza macho sebuleni kote, kama mtu aliyetoka safari.

"Na mandarine? Mwezi wa saba huu, nyumba nzima haina hata moja? Watoto wa watu wanakula nini huku?"

Nikaingia jikoni kulia, nikalia vizuri, kwenye kanga, kisha nikamtuma Hayat sokoni akimbie.

Kesho yake nikautoa mchele uliobaki. Nilikuwa nimeshajaza kipimo changu, nainamia sufuria, nikasikia kandambili zinakuja. Kichwa kikachungulia.

"Punguza mayi, Mama Hayat."

"Mimi nilikuwa napika kabla wewe hujazaliwa," nikamwambia.

Akabaki amesimama mlangoni. Na safari hii sikungoja atoke. Nilimwaga yale maji mbele yake, kidogo kidogo, mpaka aliposema basi.