Ziwa la Kulalia Mchana

Fundi Brashi alichora mabango, na mtaani mle hamkuwa na bucha wala saluni ambayo haikupitia mkononi mwake. Mkewe alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku. Maskini wa watu alirudi asubuhi miguu imevimba, akajitupa kitandani, na hapohapo nje ya dirisha jirani yao, fundi wa mageti, akaanza: paa! paa! paa! Sebuleni nako kulikuwa na mama mzazi wa muuguzi, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Usingizi ukawa adimu. Siku moja muuguzi alitia chumvi kwenye chai, akainywa yote asijue.

Fundi Brashi akaingiwa na huruma. "Nitakuchorea utulivu, mke wangu. Ukifumbua jicho ulikute ziwa tu. Hakuna mtu."

Alichukua ubao wa plaiwudi, akausugua kwa msasa barazani hadi ukawa laini kama shavu la mtoto mchanga. Akachora kilima cha buluu, maji yametulia tuli, na nyasi za ukingoni moja moja, kwa brashi ya nywele chache. Akarudi nyuma, akainamisha kichwa, moyo ukamtulia na yeye. Kisha mkono, kwa mazoea ya kazi, ukaenda wenyewe kwenye kona ya chini ukaandika: NYAMA SAFI IPO.

"Loh!" Akayafuta maandishi mbiombio kwa tambara lenye mafuta ya taa.

Mama mkwe alikuwa ameshasimama nyuma yake. "Mkwe wangu, hapo katikati mbona hujamaliza?"

"Nimemaliza, mama. Ndio utulivu wenyewe huo."

"Nafasi yote hiyo? Na watu hawana pa kuweka kiti! Niweke mimi hapo kwenye majani. Na gauni langu la maua, usilisahau."

Utamkatalia vipi mama mkwe? Akamweka, maua na yote.

Kesho yake fundi wa mageti akachungulia juu ya ua. "Yaani mama yumo, mimi jirani wa ukuta kwa ukuta simo? Haya, asante sana."

Akamweka, na nyundo yake mkononi. Na mbwa wake, maana angenuna. Shemeji naye akapita, akataka awekwe na pikipiki yake, upande wenye taa. Kufikia Ijumaa ukingo wa ziwa ulikuwa na msongamano kama mlangoni pa benki siku ya mshahara.

Picha ikatundikwa chumbani. Muuguzi akaitazama kwa macho mekundu.

"Baba," alisema polepole, "hawa nawasikia hadi kwenye picha." Akajifunika shuka gubigubi.

Maneno hayo yalimchoma mumewe. Akaitungua picha, akaketi juu ya kopo la rangi. Kuwafuta wale watu ilikuwa vita. Kuwaacha ilikuwa kumkosesha mkewe usingizi. Alikoroga, akakoroga. Mwishowe akazimua rangi nyeupe hadi ikawa nyepesi kama maji ya mchele, akachovya brashi pana, akashusha ukungu. Gauni la maua likazama, nyundo ikazama, mbwa akazama, taa ya pikipiki ikawa ya mwisho. Kikabaki kilele cha kilima na ukanda mwembamba wa maji.

Alipoitundika tena, mama mkwe alishika kiuno. "Niko wapi?"

"Upo palepale, mama. Ni alfajiri, ukungu haujaondoka. Bado umelala."

Mama akasogea hadi pua ikagusa ubao. "Enhe! Hiki si kiwiko changu?"

"Ndicho."

"Na wa mageti?"

"Kalala, mama. Wote mmelala."

Kitandani, kope za muuguzi zilikuwa zimeanza kushuka. Nje: paa! paa!

Mama mkwe akatoa kichwa dirishani, akafoka kwa kunong'ona: "Wewe! Weka nyundo chini! Huoni tumelala?"

"Nani kalala?"

"Mimi na wewe! Na mbwa wako! Chungulia!"

Fundi wa mageti akavua kofia, akachungulia, akajitafuta kwenye ukungu. Alipojiona, au alipodhani amejiona, akarudi kwa kunyata na kwenda kuviringishia nyundo yake tambara.

Muuguzi akakoroma. Mlangoni, Fundi Brashi aliitazama ile kona ya chini, nyeupe, tupu. Vidole vikamwasha. Akautia mkono mfukoni, akaufumba huko huko.