Toleo Lililomnyamazisha Baba

Asubuhi ile Baba alikuwa katikati ya neno. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha yenyewe, na ilipotulia hakuweza tena kuandika hata herufi moja.

Mama alipiga ukelele kama mtu aliyekanyaga nyoka. Binti yake, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, alikuja mbio na mswaki mdomoni. Kwenye skrini palikuwa na pongezi: karibu kwenye toleo jipya. Chini yake, kwa maandishi madogo, iliandikwa kwamba kiendelezi kimoja kimeondolewa kwa sababu hakitumiki tena.

Hakitumiki! Baba hakuwa na njia nyingine ya kusema.

Zamani alitangaza mpira wa miguu redioni, na watu waliapa kwamba hapumui mpaka mapumziko. Kiharusi kilimwachia akili zake zote na shavu la kulia, basi. Kazi ya Kitinda ofisini ilikuwa kutengeneza viendelezi, yaani programu ndogo zinazopachikwa ndani ya programu kubwa ili ifanye mambo isiyoyajua. Alimtengenezea Baba cha kwake ndani ya programu ya kuandikia. Herufi zilipita kwenye skrini moja baada ya nyingine. Baba akiiona anayoitaka alikaza shavu, swichi iliyobandikwa pale, isiyojali mtikisiko mdogo, ikabonyea, herufi ikaingia. Maneno yake ya kwanza yalikuwa tusi kwa kocha fulani. Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Na sasa daktari alikuwa anasubiri jibu lake. Baba alikuwa akipaliwa kila alipolishwa, chakula kikimwingia mapafuni. Daktari alitaka kumpasua kidogo na kumwekea mpira wa kumlishia, uingie moja kwa moja tumboni. Baba Mdogo, aliyemfuata Baba kwa kuzaliwa, alitaka ifanyike haraka. Mama hakutaka kusikia habari za kisu.

"Si mumwulize tu, akaze shavu," alisema Baba Mdogo.

Wakamwuliza. Shavu likacheza. Baba Mdogo akaona ndiyo, Mama akaona hapana, na kila mmoja alikuwa tayari kuapa.

Kitinda akampigia daktari. "Siwezi kumpasua mtu kwa shavu linalochezacheza," daktari akamjibu. "Hata akiulizwa kama anaumwa, linasema ndiyo na hapana kwa pumzi moja. Lakini ameshaniandikia mimi mwenyewe, najua anaweza. Nakuja kesho mchana. Aandike."

Kitinda hakwenda kazini. Kwanza alijaribu kurudisha toleo la zamani. Likafunguka, likamwambia muda wake umekwisha, likajifunga. Akashusha zana mpya walizozitoa watengenezaji pamoja na toleo lao, akaanza kukiandika kiendelezi upya, jasho likimtoka ingawa dirisha lilikuwa wazi. Herufi zikaanza kupita. Akashusha pumzi, akabonyeza swichi.

Kimya.

Akabonyeza tena, akabadilisha waya, akabonyeza kwa hasira. Viendelezi vya zamani viliruhusiwa kuzungumza na kifaa chochote kilichochomekwa kwenye kompyuta. Vipya vilifungiwa kama kuku bandani: vinaona maandishi yaliyo mbele yao, havioni kingine. Aliandika kwenye jukwaa la watengenezaji, akaeleza habari za baba yake bila haya, akaomba kama mtu anayepiga magoti. Jibu lilikuja na adabu zake zote. Walielewa usumbufu. Njia ile imefungwa kwa usalama wa watumiaji. Walimtakia siku njema.

Akafunika uso kwa viganja.

"Vipi?" Baba Mdogo aliuliza kutoka mlangoni.

"Bado."

"Wewe si ndiye mtaalamu? Watu wanakuja mpaka ofisini kwenu kukutafuta, baba yako unamshindwa?"

"Baba Mdogo, tafadhali. Niache."

Kitandani, Baba alikuwa akimtazama. Jicho lake moja lilikuwa limelowa, na Kitinda hakujua kama ni ugonjwa au ni kilio. Hilo ndilo lililommaliza, kwamba hakuwa na namna ya kumwuliza. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono usioshika, akasema, "Nisamehe, Baba. Sijui nifanye nini tena." Shavu likacheza. Huenda lilikuwa linamsamehe. Huenda ni inzi tu.

Wazo lilimjia kesho yake, wakati anaandika barua ya kumwomba daktari awape siku nyingine. Vidole vyake vilikuwa juu ya kibodi. Kiendelezi kipya hakioni swichi, lakini kinaona kila kinachoandikwa kwa kibodi! Alichukua kibodi kibovu kilichotupwa juu ya kabati, akakifungua, akatafuta mahali kitufe cha nafasi kinapogusana, akaziunganisha pale nyaya za swichi kwa risasi ya kuchomelea. Akaunguza kidole, hakukiangalia. Akambandika Baba swichi.

"Jaribu, Baba. Polepole."

Herufi zikapita. Shavu likakaza. M.

Mama alikuwa jikoni, Baba Mdogo uani akizungumza na simu. Kitinda peke yake ndiye aliyeona herufi zikipangana, kwa mwendo wa konokono, mpaka zikasema: MPIRA NIMETANGAZA WA KUTOSHA. HUU WA TUMBONI SITAKI.

Akacheka, kisha akamgeukia.

"Baba, unajua maana yake lakini? Unajua itakavyokuwa?"

NAJUA.

Kidirisha cha kiendelezi, ambacho kilikuwa hakijakaa sawa, kikajifunga na maneno yote yakapotea. Skrini ikabaki nyeupe.

"Ameandika?" Baba Mdogo alikuwa ameingia, na daktari nyuma yake na mkoba.

Kitinda aliitazama ile skrini. Ingetosha kusema bado. Ingetosha hata kusema amekubali, na baba yake angebaki naye, amefungwa mpira, ananenepa, yu hai. Hakuna ambaye angejua. Baba alimkazia macho.

"Ameandika," alisema, na sauti haikuwa yake. "Yamefutika. Ngojeni, awaambie mwenyewe."

Akakifungua tena kidirisha. Baba akaanza upya, na wote wakasimama wakisoma, Mama akiwa na mwiko mkononi. Alipomaliza, Baba Mdogo alimgeukia Kitinda. "Umemfundisha wewe!"

Shavu likakaza tena, likachukua muda mrefu. MDOGO WANGU. USIMGOMBEZE. NATAKA KUONJA.

Baba Mdogo akaketi kwenye kiti cha karibu, akalia kwa sauti kama mtoto.

Daktari alieleza hatari yote, bila kupunguza. Baba akajibu. Daktari akauliza kwa namna nyingine, Baba akajibu vilevile. Basi daktari akamwonyesha Mama jinsi ya kumwinua mgongo, na kijiko kijazwe kiasi gani.

Mama alipoleta bakuli, Kitinda alitoka nje. Alisimama kando ya kamba ya nguo, kidole kilichoungua mdomoni, akisikiliza kikohozi ndani, kikipoa, kikianza tena.