Jina Lenyewe Cheti

"Mnaona? Hasikii chochote. Kidonda kimelala!" Maganga aliinua wembe juu, na baraza yangu nzima ikapiga makofi.

Nyumba yangu hapa Kahama haijui upweke. Nauza chai na chapati. Anayekuja kwa kikombe kimoja huondoka na habari za mtaa mzima. Siku ile walijaa kumtazama mdogo wangu Donatus, mchimbaji, aliyerudi kutoka machimbo ya Geita na sugu ya unyayoni iliyopasuka ikawa kidonda. Ana sukari. Maganga, anayetibu miguu chini ya mwavuli pale stendi, alilijua hilo. Nilimwambia kwa mdomo wangu huu. Nikamuuliza pia, mbele ya watu wote, miguu kaisomea wapi.

"Mama Blessing, mimi ni Maganga, mtoto wa Maganga. Jina lenyewe cheti! Unataka kipi tena?"

Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Jamani, kwetu Usukumani akina Maganga ni wengi kama mpunga: yupo anayechunga ng'ombe, yupo anayeziba pancha. Huyu alichowazidi ni koti jeupe. Akachonga nyama ya ndugu yangu kama anamenya muhogo, akapaka unga wake mweusi, akafunga kitambaa.

Mguu ukavimba. Ukanuka. Nikapanda naye basi la Shinyanga.

Hospitalini tulimkuta Dokta Lusia, aliyesomea miguu ya wenye sukari. Cheti chake kilining'inia ukutani kabla sijauliza. Hakushika wembe. Alipapasa mapigo ya damu juu ya wayo, kisha akamfumbisha Donatus macho na kumgusa unyayo kwa uzi mwembamba, hapa, pale.

"Unasikia?"

"Umeshaanza?" akauliza Donatus.

Dokta akanigeukia. "Dada, mguu wa sukari ukikosa kusikia wembe, hiyo siyo nafuu. Mishipa ya fahamu imekufa. Aliyesoma, hapo ndipo anapouweka wembe chini."

Walikata nusu ya wayo.

Na yule mtu bado ana mwavuli wake pale stendi! Bado koti linafuliwa, linanyooshwa, na watu wanapanga foleni! Juzi alipita kwangu, baraza imefurika, akaagiza chai kama mkwe aliyealikwa.

"Kaka Donatus! Vipi, kidonda kimelala?"

Donatus akavua kiatu taratibu, akaunyoosha mguu hadi kwenye benchi, kando ya kikombe cha Maganga.

"Kimelala, dokta. Hebu nioneshe ulipokilaza."

Kwa mara ya kwanza tangu nihamie nyumba hii, nikaisikia birika ikichemka.